Nimpigie mbunge simu kuhusu bunduki? Jibu kwa muuguzi wa Brooklyn Park

SWALI: Mimi ni muuguzi, Mkenya niliyepata uraia wa Marekani miaka mitatu iliyopita, naishi Brooklyn Park, Minnesota. Tangu mauaji ya risasi yaliyotokea hapa jimboni Juni na Agosti 2025, akina mama wa kanisani wanasema tuwapigie wabunge wa jimbo simu ili waunge mkono sheria za usalama wa bunduki. Mume wangu, ambaye bado ana grini kadi (ni mkazi wa kudumu, si raia), alinunua bastola kwa ajili ya ulinzi. Iko juu ya kabati chumbani. Anasema sheria hizi huwafunga watu wema tu, majambazi hawajazi fomu, na serikali inatafuta njia ya kunyang'anya watu silaha. Tena anasema na lafudhi yangu hii hakuna atakayenisikiliza. Tuna kijana wa miaka 15 na wadogo wawili. Simu yangu ina maana yoyote? Na niseme nini hasa?

JIBU: Dada yangu, nianze na lafudhi, kwa sababu ndiyo iliyoniudhi.

Ofisi ya mbunge wa jimbo hapa haifanani na ile tuliyoizoea nyumbani, yenye benchi la watu wanaosubiri barua ya basari na mchango wa matanga. Ni chumba kidogo St. Paul, mji mkuu wa jimbo, chenye msaidizi ambaye mara nyingi anawahudumia wabunge zaidi ya mmoja. Simu ikiingia anataka kujua mambo matatu: jina lako, anwani yako, na unapiga kuhusu mswada gani. Anwani ndiyo inayopima uzito. Ukiwa mkazi wa eneo bunge lake anakuandika kwenye orodha atakayompa mbunge; ukiwa wa kwingine anakushukuru kwa adabu ile ya Minnesota na mambo yanaishia hapo. Kwenye orodha hiyo hakuna mahali pa kuandika mtu alitamkaje maneno. Nimefanya kazi ya afya ya jamii katika jimbo hili kwa miaka mingi, na sehemu yake ni kukaa kwenye viti vigumu vya vyumba vya kamati nikisubiri mswada uitwe. Katika muda huo wote sijasikia mbunge akiuliza mpiga kura wake alizaliwa wapi.

Sasa hesabu, ambayo mumeo ataielewa hata kama hataipenda. Bunge la Minnesota lina viti 201, yaani maseneta 67 na wawakilishi 134. Gawa watu milioni 5.7 wa jimbo hili kwa 134, unapata kama watu 42,500 kwa kila mwakilishi. Hiyo ni kama nusu ya Brooklyn Park yako. Toa watoto, toa wasio raia, toa wanaokaa nyumbani siku ya kura, wanaobaki hawatishi. Mwaka 2024 kule Shakopee kiti kimoja kiliamuliwa kwa tofauti ya kura zisizofika 20, kesi ikaenda hadi mahakamani. Uchaguzi huo huo uliwapa Republican viti 67 na DFL, yaani Democrats wa huku, viti 67. Kupitisha mswada katika Baraza la Wawakilishi kunahitaji kura 68. Maana yake ni kwamba hakuna mswada unaopita pale, uwe wa madaraja au wa bunduki, bila mtu angalau mmoja kuvuka upande. Kwenye Seneti DFL wana 34 kwa 33, hivyo seneta mmoja akiumwa mafua, kazi imesimama.

Kuna jambo jingine linaloifanya simu iwe na kazi hapa kuliko kwingine. Kule Maine, ambako ndugu zetu Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wamejaa Portland na Lewiston, mtu mmoja aliua watu 18 usiku wa tarehe 25 Oktoba 2023, katika ukumbi wa mchezo wa boling, ule wa kuangusha pini, na katika baa. Ndugu zake na wenzake wa jeshi la akiba walikuwa wameshaonya kwamba akili yake haiko sawa na ana silaha. Bunge la Maine likafanya baadhi ya mambo na mengine likayaacha, basi wananchi wakakusanya saini, wakalipeleka suala kwenye sanduku la kura wenyewe, na Novemba 2025 wakapitisha sheria ya kuwawezesha ndugu kumwomba jaji amwondolee silaha mtu aliye hatarini. Minnesota haina mlango huo. Katiba ya jimbo hili haiwaruhusu wananchi kuandika sheria na kuipigia kura moja kwa moja. Njia ni wale watu 201 tu. Hata mji wako hauwezi kujitungia sheria ya bunduki, kwa sababu sheria ya jimbo imezifunga mikono halmashauri zote.

Ndiyo maana nasema simu ina maana. Lakini kabla hujapiga, ujue kilichopo tayari, usije ukaomba kitu ulicho nacho.

Mei 2023 Gavana Tim Walz alitia saini sheria mbili zilizopita Seneti kwa kura 34 kwa 33. Spika wa Baraza la Wawakilishi wakati huo alikuwa Melissa Hortman, jirani yako wa Brooklyn Park, yule yule aliyepigwa risasi na kuuawa pamoja na mumewe nyumbani kwao alfajiri ya 14 Juni 2025 na mtu aliyevaa kama polisi. Sheria ya kwanza inahusu kuuziana kati ya watu binafsi. Sheria ya taifa inamlazimu muuza bunduki mwenye leseni tu kumpitisha mnunuzi kwenye ukaguzi wa rekodi. Mtu akimuuzia mwenzake kwenye maegesho ya magari, Washington haina neno. Imeliachia kila jimbo. Minnesota sasa inasema bastola, na zile bunduki za mtindo wa kijeshi zinazojipakia zenyewe, haziuzwi hata kati ya watu binafsi bila mnunuzi kuwa na kibali cha polisi au kupitia duka lenye leseni. Ndugu wa familia wameachwa nje ya sharti hilo.

Ya pili ndiyo ile watu huiita sheria ya bendera nyekundu. Wewe muuguzi utaielewa haraka kuliko wanasheria. Mke, mzazi, mtoto, mtu mnayeishi nyumba moja, au polisi, anakwenda mahakama ya kaunti na kueleza kwa kiapo kwamba fulani yuko katika hatari ya kujidhuru au kudhuru wengine, na ana silaha. Jaji akiona hatari ni ya sasa hivi anatoa amri ya siku 14. Baadaye kunakuwa na kikao, mhusika anasikilizwa, na jaji akiridhika anatoa amri ya kati ya miezi sita na mwaka mmoja. Amri hiyo si hukumu ya jinai wala haimpeleki mtu jela. Silaha zinakaa kwingine mpaka dhoruba ipite. Sheria hiyo ilianza kutumika 1 Januari 2024, na bado nakutana na watu wetu ambao hawajawahi kuisikia. Wana kaka anayekunywa na kulia usiku, wana bastola ndani ya nyumba, na wanachojua ni kuombewa na kunyamaza. Maombi yaendelee. Lakini mlango wa mahakama ya Hennepin, kaunti yenu, nao uko wazi.

Mumeo anasema majambazi hawajazi fomu. Ni kweli, hawajazi. Wanajaziwa. Februari 2024 kule Burnsville polisi wawili na mzimamoto mmoja aliyekuwa mhudumu wa dharura waliuawa na mtu ambaye sheria ilimkataza kumiliki silaha yoyote. Silaha alizokuwa nazo zilinunuliwa na mpenzi wake, aliyejaza fomu kwa jina lake mwenyewe. Mwaka huo huo Bunge likapandisha kosa la kumnunulia mtu aliyekatazwa likawa kosa kubwa la jinai. Bunduki nyingi za uhalifu zilianzia dukani mikononi mwa mtu aliyejaza fomu, kisha zikateleza: zikauzwa kienyeji, zikaibwa kwenye gari, zikachukuliwa juu ya kabati. Sheria hizi zinashughulika na huko kuteleza.

Na hilo la serikali kunyang'anya? Hapa ni lazima tumtendee haki, maana hofu yake ina historia, na sisi tuliokulia Kenya tunaweza kumshawishi vibaya. Kwetu raia kuwa na bunduki ni jambo la kuomba: unapeleka maombi kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na bodi ikikataa umekataliwa. Hapa ni haki iliyoandikwa kwenye katiba tangu 1791, na Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2008 kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi nyumbani kwake, ikaipanua zaidi mwaka 2022. Hakuna mbunge wa Minnesota anayeweza kuifuta, hata akitaka. Majaji wameshaangusha sheria za jimbo hili: ile iliyowakatalia vijana wa miaka 18 hadi 20 kibali cha kubeba bastola iliangushwa na mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 2024. Lakini mahakama hiyo hiyo ya juu, Juni 2024, ilisema kwa majaji 8 dhidi ya 1 kwamba mtu aliyewekewa amri kwa kumtishia mwenzi wake anaweza kunyimwa silaha. Nafasi iliyobaki kati ya hayo mawili ndimo wabunge wa jimbo wanamofanyia kazi. Si kubwa sana, wala si ndogo kama anavyodhani.

Sasa niingie chumbani kwenu, samahani.

Bastola juu ya kabati. Kijana wa miaka 15 anajua kila kilicho juu ya kabati. Alijua zawadi za Krismasi zilikofichwa akiwa na miaka saba. Secret Service, kikosi kinachomlinda rais, walipochunguza mashambulizi ya shuleni nchi nzima, ripoti yao ya 2019 ilionyesha kwamba kama robo tatu ya waliotumia bunduki waliitoa nyumbani kwa wazazi au kwa ndugu. Na hilo la shule, pamoja na ukubwa wake kwenye habari, si ndilo linalonikosesha usingizi. Mwaka 2023 watu 46,728 walikufa kwa risasi Marekani. Waliouawa na wenzao walikuwa 17,927. Waliojiua walikuwa 27,300. Hapa Minnesota waliojiua ni zaidi ya theluthi mbili ya wote wanaokufa kwa bunduki. Umefanya kazi hospitalini, unajua: wengi wanaojaribu kujidhuru kwa njia nyingine huletwa wakiwa hai, hupona, na wengi hawarudii. Kwa bunduki, kama 9 kati ya 10 hufa. Kwa kijana, muda kati ya wazo na tendo unaweza kuwa wa dakika tu, baada ya matokeo ya mtihani, baada ya maneno na baba, baada ya picha kusambazwa. Kufuli linanunua dakika hizo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji mbunge. Bastola iingie kwenye sefu ndogo ya kando ya kitanda, zile zinazofunguka kwa namba au kwa kidole, na namba hiyo isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumba hiyo. Ikiwa pesa ni tatizo, vituo vingi vya polisi hutoa kufuli la waya bure, unalipitisha ndani ya bunduki isiyo na risasi nayo haifyatuki. Anayetaka silaha ya haraka usiku atafungua sefu kwa sekunde chache. Na mkiona kijana amebadilika, au mmoja wenu ndiye anayepitia giza, bastola hiyo itoke nyumbani kabisa kwa muda, na namba 988, ya simu ya msaada kwa mwenye mawazo ya kujiua, inapokelewa saa zote.

Mwambie mumeo hili pia, kwa upole. Sheria ya Minnesota iliyopo inasema ni kosa kuacha bunduki yenye risasi mahali unapojua, au ulipaswa kujua, kwamba mtoto wa chini ya miaka 18 anaweza kuifikia, bila kuchukua tahadhari. Raia atalipa faini au atakaa ndani. Mwenye grini kadi ana hesabu nyingine, kwa sababu sheria ya uhamiaji ya taifa inaweza kumfukuza nchini mtu aliyehukumiwa kwa kosa la silaha, hata kosa ambalo jimbo linaliona dogo. (Mwaka 2023 Minnesota ilishusha adhabu ya juu ya makosa ya ngazi hiyo kutoka siku 365 hadi 364, kwa sababu hiyo siku moja ilikuwa ikiwafukuzisha watu. Wengine watacheka, lakini wakili wa uhamiaji hatacheka.) Asome mwenyewe na amuulize wakili. Simtishi. Ananunua ulinzi wa familia yake, basi ulinzi huo uwe na kufuli.

Tukitoka chumbani tunafika kwenye mswada wenyewe. Sheria hiyo ya sasa ina matundu mawili. Inagusa bunduki iliyopakiwa tu, na kwa kawaida inakumbukwa baada ya mtoto kuzikwa. Miswada ya kufungia silaha ambayo imekuwa ikirudi St. Paul inataka kitu rahisi: bunduki isiyokuwa mikononi mwako wala chini ya uangalizi wako iwe imefungiwa. Mwaka 2024 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa namna hiyo, lakini haukufika mwisho Seneti. Huo ndio ningekuomba uutaje.

Utaniuliza, mbona nisitaje kile kila mtu anakitaja, kupiga marufuku bunduki za kivita na magazini kubwa? Agosti 27, 2025, watoto walikuwa kwenye misa ya asubuhi kanisa la Annunciation, Minneapolis, risasi zikaingia kupitia madirisha. Wawili walikufa, wa miaka 8 na wa miaka 10, na wengi wakajeruhiwa. Polisi walisema mshambuliaji alinunua silaha zake kihalali. Ukaguzi wa rekodi alipita. Hatutakuwa wakweli tukisema sheria ya 2023 ingemzuia kwa ukaguzi huo. Baada ya hapo gavana alitaka marufuku hiyo, akazungumzia kikao maalumu cha Bunge, na kikao hakikuitishwa kwa sababu vyama havikukubaliana. Mimi binafsi naiunga mkono. Taifa zima lilikuwa na marufuku ya aina hiyo kuanzia 1994 hadi 2004. Lakini ninapohesabu hadi 68 leo, kwa mswada huo sioni kura ya 68. Kwa mswada wa kufuli naiona kwa mbali. Minnesota ni nchi ya wawindaji. Novemba barabara za kaskazini hujaa watu wa makoti ya rangi ya chungwa wakifuata kulungu, na wengi wao wamefungia bunduki zao tangu wakiwa na watoto wadogo. Mbunge wa maeneo yale anaweza kusimama mbele yao akawaambia: sheria hii inawataka jirani zenu wafanye mnachofanya ninyi. Hayo ni maoni yangu, na kuna wenzangu St. Paul wanaoniona mwoga kwa ajili yake. Ukitaka kutaja yote mawili, taja. Lakini simu yenye ombi moja huandikwa vizuri kuliko simu yenye matano.

Nikupe maneno yenyewe, uyaseme kwa Kiingereza chako kile kile unachompa daktari ripoti ya zamu. Jina langu ni fulani, naishi mtaa fulani Brooklyn Park, mimi ni muuguzi na mpiga kura. Naomba mwakilishi aunge mkono mswada wa kufungia bunduki nyumbani. Kisha sentensi moja tu ya kile ulichokiona kazini, bila jina la mgonjwa wala kitu kinachomtambulisha. Kisha swali: msimamo wa mwakilishi ni upi, naomba nijibiwe kwa barua pepe. Hilo swali la mwisho usilisahau. Bila hilo wewe ni mstari kwenye orodha, na ukiliuliza kuna mtu anatakiwa kukujibu. Miswada ya Wawakilishi huanza na herufi HF na ya Seneti SF, ikifuatiwa na namba. Muulize msaidizi namba ya sasa, hatakuona mjinga. Ikiingia mashine ya sauti, sema hayo hayo, anwani kwanza.

Ukipata nafasi ya kwenda mbele ya kamati, nenda. Unajiandikisha mapema, unapewa dakika mbili au tatu. Niliwahi kumsikiliza muuguzi mmoja wa chumba cha dharura, mzaliwa wa huku huku. Hakuleta takwimu. Alisema usiku mmoja polisi alikuwa akijaza fomu ukutani pale korido, akamuuliza baba wa mtoto ufunguo wa kabati la bunduki uko wapi, na yule baba akajibu, halina ufunguo. Akalirudia jibu hilo mara kadhaa, kila mtu aliyepita alimwambia, halina ufunguo. Muuguzi akashukuru kamati, akaketi. Mbunge mmoja aliyekuwa akisoma karatasi zake tangu asubuhi aliacha kusoma. Sijui alipiga kura gani mwishoni, lakini najua aliacha kusoma.

Kuhusu kanisa: mchungaji anaweza kuzungumzia mswada, mnaweza kukaa ukumbini baada ya ibada mkapiga simu pamoja, mradi jambo hilo lisiwe ndiyo kazi kubwa ya kanisa. Kumpigia debe mgombea ni habari nyingine, na ningemshauri aachane nayo, hasa mwaka wa uchaguzi kama 2026, ambapo viti vyote 201 vinapigiwa kura Novemba. Na mumeo, kama angebadili mawazo, anaruhusiwa kupiga simu, kuandika na hata kutoa ushahidi mbele ya kamati, kwani mkazi ni mkazi. Asichoruhusiwa ni kupiga kura. Hapo hakuna mzaha, grini kadi imewahi kupotea kwa kosa hilo.

Sasa neno gumu kidogo, ambalo waandaaji wa hizi kampeni hawalisemi kwa sababu wanataka namba kubwa. Eneo lenu ni la DFL kwa muda mrefu. Kuna uwezekano mkubwa kwamba wabunge wako wewe wameshakubali mswada huu kabla hujashika simu. Piga hata hivyo: washukuru, waombe waweke jina lao kwenye mswada kama wadhamini, maana hata aliyekubali anahitaji sababu ya kulipigania jambo badala ya jingine wiki ya mwisho, pale kila kitu kinapogombania muda. Lakini simu yenye uzito kuliko yako ni ya shemeji yako aliyehamia Shakopee. Ni ya yule binti mliyesoma naye uuguzi ambaye sasa yuko Rochester, na ya yule jamaa wa malori aliyenunua nyumba nje ya St. Cloud. Wewe huwezi kumpigia mbunge wao, anwani yako itakutoa nje. Wao wanaweza.

Na wewe unawafahamu wote, tena mko mahali pamoja. Kila Mkenya wa Minnesota yumo kwenye yale makundi ya WhatsApp ya matanga. Mtu akifariki, ndani ya saa moja kuna mweka hazina, kuna namba ya kutumia pesa, kuna ukumbi wa kukutania, na ndani ya juma moja maiti iko njiani kwenda Kisii au Kakamega. Sijaona chama chochote cha siasa jimboni humu kinachoweza kuwakusanya watu haraka hivyo kutoka maeneo bunge mengi hivyo. Kundi hilo halijawahi kutumiwa kwa jambo ambalo bado halijaua mtu. Admini atalalamika kwamba si mahali pake. Mwombe ruhusa kwanza, mara moja tu, ujumbe mmoja.

Mwaka 2026 Bunge lilipangiwa kufunguliwa tarehe 17 Februari, na katiba inataka lifungwe ifikapo 18 Mei. Wiki za kwanza ndizo kamati zinapopanga kipi kisikilizwe, kwa hiyo ujumbe utumwe mapema, ikiwezekana kabla ya kikao kufunguliwa. Kitu kama hiki kinatosha: "Habari zenu wapendwa. Leo hatuchangi pesa. Kila mmoja, awe raia au mkazi tu, naomba atafute jina la mwakilishi wake wa jimbo kwa anwani yake, apige simu moja, aombe aunge mkono mswada wa kufungia bunduki nyumbani, kisha aandike hapa: nimepiga, na mji wake. Mimi nimeshapiga, Brooklyn Park."

Hiyo sentensi ya mwisho iwe ya kweli kabla hujabonyeza kutuma.